Mwalimu Aliyeokolewa Mara Saba

Idara ya Kumbukumbu za Wakubwa ilitangaza, kwa kipaza sauti na kwa furaha isiyo na kifani, kwamba kila kiongozi wa ngazi ya mkurugenzi na kuendelea ataandika kitabu cha maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Lengo lilikuwa jema kama malengo yote ya Idara: wananchi wasije wakawasahau viongozi wao wakati bado wanaongozwa nao. Asiye na kitabu, hapandi cheo. Wakubwa walipiga makofi, wakarudi ofisini, wakafunga milango, na kila mmoja akamwagiza katibu muhtasi wake amtafutie mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa kijana mmoja aliyejiajiri kama mwandishi kivuli, katika chumba nyuma ya duka la fotokopi. Aliandika, wengine wakaweka sahihi. Rafiki zake walimwita Kivuli, naye akaitika.

Kazi hii ina heshima zake, ila haina shahidi. Seremala huonyesha mlango, kinyozi huonyesha kichwa cha mteja. Kivuli akionyesha kazi yake, kazi imekwisha. Kila mteja alimwahidi kumsifia mjini kote, kwa sharti la kutotaja anamsifia kwa lipi.

Hilo lisingemsumbua kama asingekuwa anataka kuoa, tena anataka mpaka hamu ya kula imemtoka. Baba wa mchumba wake, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alikuwa na sharti moja.

"Sina neno na wewe, mwanangu," alimwambia. "Niletee mtu mmoja tu mwenye akili zake, aseme huyu kijana ananifanyia kazi. La sivyo binti yangu simtoi kwa mtu anayeshinda ndani akigongagonga vitu."

Kivuli akampeleka kwa mteja wake wa kwanza, Mkurugenzi wa Maji. Walimkuta anapima jalada la kitabu kwa rula, kuona kama picha yake imepewa nafasi inayostahili.

"Samahani, bosi," alisema fundi. "Huyu kijana anakufanyia kazi?"

Mkurugenzi alimtazama Kivuli, akamtazama tena. "Huyu? Simjui. Kwanza ameingiaje humu?"

"Tumeingia pamoja."

"Basi na wewe sikujui."

Fundi alivaa kofia yake, akatoka bila kuaga. Kivuli alimfuata, roho ikimuuma. Mkurugenzi alimkimbilia mlangoni akamnong'oneza, "Usinielewe vibaya, mwanangu. Kesho uje na sura ya tatu."

Sura ya tatu ndiyo iliyoleta neema. Humo, Mkurugenzi wa Maji akiwa bado mtoto alijitosa mtoni akamwokoa mwalimu wake wa hesabu aliyekuwa anazama na suti yake ya kahawia. Habari zilienea kwenye vikao vya chai. Wateja wakaanza kumiminika.

"Nasikia mwenzangu aliokoa mwalimu," alisema Mkuu wa Takwimu. "Na mimi niliokoa."

"Ulimwokoa lini, mzee?"

"Wewe ndiye mwandishi, halafu unaniuliza mimi?"

Kivuli alijaribu kumshawishi achague jambo jingine, hata moto, hata nyoka. Mkuu wa Takwimu hakutaka kusikia. Alitaka mwalimu, mto na suti ya kahawia, na asipungukiwe chochote alichopewa mwenzake. Waliofuata walidai hivyo hivyo, na mteja ni mfalme. Mwisho wa yote wakubwa saba walikuwa na kitabu kila mmoja, na kila kitabu kilipigwa muhuri wa Idara siku kilipopokelewa.

Ndipo Kamati ya Uhakiki ya Idara ikafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: ikavisoma. Ikagundua kwamba wakubwa saba walimwokoa mwalimu mmoja, katika mto mmoja, alasiri moja. Kamati haikumshuku mkubwa yeyote, kwani haina mamlaka hayo. Ilimshuku mwalimu. Mtu anayetumbukia mtoni mara saba kwa alasiri moja ana lake jambo.

Hata hivyo, ushujaa mkubwa namna hiyo haukustahili kubaki vitabuni. Kamati iliagiza uokoaji urudiwe hadharani, mbele ya wanafunzi, katika bwawa la kuogelea la chuo. Mwalimu alitengenezwa kwa magunia. Suti yake ilishonwa na fundi yule yule, ambaye alikalishwa mstari wa mbele ili kifungo kikikatika awe karibu. Kivuli alijibanza nyuma yake.

Mkurugenzi wa Maji alisimama ukingoni akauliza kama maji haya yameidhinishwa. Mkuu wa Takwimu alikadiria kina, akakosea, akazama. Wa tatu alimtuma naibu wake. Naibu akaomba agizo la maandishi. Wa nne alimfikia mwalimu, akamkumbatia, wakazama wote wawili. Waliobaki waliteleza wakiwa bado wanabishana nani atangulie, wakatumbukia pamoja na Mkurugenzi wa Maji na yule wa tatu, waliokuwa bado ukingoni. Mlinzi wa bwawa aliwaopoa kwa mti wenye ndoano, akianza na mwalimu kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuwa anarusha mateke.

Mama Mwenyekiti wa Kamati alisimama kutoa uamuzi.

"Vitabu vina muhuri, kwa hiyo ni sahihi. Wenye vitabu ndio hawafanani navyo. Kuanzia kesho vitabu vitakalia viti, na waheshimiwa watapumzika."

Wanafunzi walishangilia.

"Ila kitabu hakina mdomo," aliendelea. "Aliyekiandika atakisemea, na atabaki kazini. Nani aliandika?"

"Mimi!" walijibu wote saba, maji yakiwatoka masikioni.

"Vizuri. Karatasi hizi hapa. Kila mmoja aandike ilikuwaje baada ya mwalimu kuokolewa. Sentensi tatu zinatosha."

Mkuu wa Takwimu aliandika tarehe, akaifuta. Wengine walichunguliana, wakakuta hakuna cha kuiba. Hatimaye Mkurugenzi wa Maji alinyoosha kidole.

"Mama, kuna kijana huwa ananisaidia vitu vidogovidogo."

"Vitu gani?"

"Kuandika."

"Mwongo huyo!" Mkuu wa Takwimu aliruka. "Kijana ananifanyia kazi mimi!"

"Mimi!" alidakia wa tatu, na wengine wakafuata, wakamvamia Kivuli na kumvuta shati huku na huku, kila mmoja akiapa kwamba huyu ni mtu wake tangu mwanzo.

Fundi cherehani aligeuka taratibu. "Nilitaka mmoja," alisema. "Wametoka saba, tena wamelowa. Haya, kijana. Waambie wazee wako waje nyumbani tuongee."

Kivuli machozi yalimlenga, na hakuona aibu. Mama Mwenyekiti alipomuuliza kama atavisemea vitabu, alikubali, ila kwa mkataba wenye jina lake kamili, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Akaandikiwa papo hapo.

Alipokuwa anatoka na mkwewe, Mkurugenzi wa Maji alimkimbilia, soksi zikitoa maji kila hatua, karatasi yake nyeupe mkononi.

"Mwanangu, nisaidie hili moja tu," alinong'ona. "Baada ya pale, mimi nilifanya nini?"