Jiko Lisilo na Kaa la Kumpa Wifi

Kwa Mkubwa wa Ofisi ya Majiko ya Jua,

Mwanangu Mkubwa wa Ofisi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila kwa malezi uliyopewa ungeniamkia, kwa hiyo nimekuitikia mapema tusipoteze muda.

Mimi ni yule bibi wa nyumba ya pembeni, niliyemuuliza fundi wenu kama mama yake anajua kazi anayofanya. Kalamu sikuishika utotoni, na uzeeni mgongo hautaki. Anayeandika ni mke wa mwanangu. Nimemwambia aandike nilivyosema, asininyooshee maneno.

Naomba kwa heshima zote mje mlichukue jiko lenu. Fundi alisema asiyeridhika aandike barua, jiko lije lichukuliwe apewe mwingine. Mimi sijaridhika, na sababu zangu ni hizi:

1. Jiko linafanya kazi. Hilo ndilo kosa lake la kwanza. Mtu akiniletea kitu kibovu, najua pa kumshika. Lakini sanduku lenu linakaa uani kutwa limelikodolea jua kioo chake, na jua la huku unalijua, unaanika nguo, ukigeuka imekauka. Yale mawe meusi ya tumboni yanakula joto mpaka yanashiba, alasiri nalifunika kwa mfuniko wake mnene kama godoro, na giza likishaingia nafunua, nateleka maharage, yanachemka. Tangu niolewe, chakula kikichelewa nilizilaumu kuni mbichi. Sasa kuni hakuna. Kikichelewa nalaumiwa mimi, kwenye nyumba yangu mwenyewe.

2. Halina moshi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ninyi mmeleta moto usiofuka, mmewafanya wahenga waongo na wao wako makaburini, hawawezi kujitetea. Jirani yetu mshona viatu hakuona moshi kwetu jioni tatu mfululizo, akatuletea bakuli la uji akidhani tunalala njaa. Niliunywa. Lakini niliunywa kwa hasira.

Na kuna jambo jingine la moshi. Jioni nikipika nilikuwa namlilia marehemu mume wangu kidogo, si sana, kiasi cha maharage kuiva. Mtu akiingia nasema moshi. Sasa wajukuu wananisimamia: "Bibi, unalia nini?" Niwajibu nini? Jua?

3. Bati lake la kupikia ni bapa. Chungu changu kina kitako cha mviringo. Kwenye mafiga kilikaa kama mfalme, kwenye bati lenu kinapepesuka kama mlevi. Kwa hiyo kimewekwa stoo, na kuku anataga ndani yake. Hiki si chungu cha kutagiwa. Aliniachia mama mkwe wangu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa upande wa pili wa ukuta wa ua, alisema chungu cha mama ni cha binti. Nikamwambia binti mwenyewe akichemsha maji yanaungua. Tangu siku hiyo hatusemezani. Sasa fikiria, mwanangu: watu wazima tumenuniana miaka yote hii kwa ajili ya kiota cha kuku.

4. Hapa ndipo penye uchungu, kwa hiyo soma taratibu. Kutosemezana kwetu kulikuwa na utaratibu wake. Kila jioni wifi alikuja na kigae kuomba kaa la moto. Mdomo hafungui. Anasimama mlangoni, anakohoa. Mimi namwambia paka: "Wewe paka, wapo watu nyumba zao hazijui kiberiti." Naye anamwambia paka: "Paka wewe, wapo watu wanaringia vyungu vya wenyewe." Basi namchagulia kaa zuri, maana ukimpa mtu kaa bovu ni wewe unayeaibika, naye anakaa kwenye kigoda kidogo tu, mpaka usiku unaingia. Tunamweleza paka yote: nani kaoza binti, nani kavimba goti, nani kaonekana na nani. Hakuna paka aliyejua mambo ya watu kama yule.

Mkaja ninyi. Mkampa na yeye jiko. Haombi tena kaa, haji. Mtu asiyekuja utamnuniaje? Ni kama kumfungia mlango asiyebisha. Goti lake ndilo lililokuwa limevimba, na sijui limefikia wapi. Paka amekonda.

5. Mnalionea jua. Limefanya kazi kutwa, likaenda kulala kama kila mtu, kumbe mmelifungia joto lake ndani ya mawe, mnalipikisha na usiku. Nani alikwenda kuliomba? Mkilizoea hilo, kesho mtatugeukia sisi wazee. Nitakufa, nanyi mtanifunika na ule mfuniko wenu ili joto langu lisipotee bure kabla ya chai ya waombolezaji.

Kwa sababu hizo, ama mlichukue jiko, ama mlirekebishe hivi: litoe moshi kiasi wakati wa magharibi, litobolewe tundu la kitako cha chungu, na lizae kaa moja kila jioni. Moja tu, la kumpa mtu. Kama gari lenu ni dogo, anzeni na la wifi.

Mke wa mwanangu anataka nitaje kwamba tangu jiko lije, kikohozi chake cha jikoni kimekwisha na kifua kimefunguka. Nimekataa, kwa sababu kinaharibu barua. Naona ameandika.

Wasalimie wote hapo ofisini, wenye viti na wenye mifagio. Yule fundi mwambieni ale. Amekonda mno kwa mtu anayegawa majiko.

Ni mimi ninayewalalamikia kwa mapenzi,
Bibi wa Nyumba ya Pembeni
(dole gumba langu hili hapa)

Tanbihi: Barua hii ilikosa wa kuipeleka, ikakaa kabatini, na mambo yamegeuka. Jana jua limeshazama nikasikia kikohozi mlangoni. Wifi, na kigae mkononi. Akamwambia paka kwamba jiko lake limelala baridi, halina joto hata la kuangulia yai.

Fundi alituonya tusifungue tumbo la jiko. Nimelifungua. Kaa sina, lakini jiwe la moto ni kaa lenye subira. Nikatoa mawe machache kwa koleo, na kwa kuwa hayaenei kwenye kigae, nilimfukuza kuku, nikayatia ndani ya chungu cha mama mkwe. Wifi akakitazama. Akasema, na safari hii hakumwambia paka: "Wifi, mbona kimepata ufa?" Nikamjibu: "Hata sisi, wifi." Akavuta kigoda, akakaa mpaka mawe yakakaribia kupoa, ikabidi niyarudishe tumboni katikati ya mengine ya moto, yapashwe upya. Goti linaendelea vizuri. Chungu kiko kwake na sijakidai.

Kwa hiyo jiko msilichukue. La wifi nalo liacheni, wala msimpelekee fundi, maana halina ubovu. Mke wa mwanangu anashikilia niseme kwamba jua halikulifikia kwa ajili ya mablanketi yangu niliyoyaanika juu ya ukuta, yakatia kivuli uani kwake. Kivuli kweli kipo. Lakini nifanyeje, mwanangu? Mablanketi bado hayajakauka.