Kanuni ya Ukavu wa Maganda

Inatangazwa kwa wanachama wote wa Chama cha Walenga Shabaha cha Tolman Fork, Montana, pamoja na wake zao, waume zao na mbwa wao wa kuwinda, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni marufuku kupaka mafuta ganda la risasi, iwe gerejini, iwe jikoni, iwe chini ya kitanda. Ganda litapita kavu. Atakayelipaka atanyang'anywa ufunguo wa lango.

Tangazo hilo nililiandika mimi kwa mkono, mara kumi na tisa, kwa sababu mashine ya kunakili ya chama iliazimwa na Walutheri na haijarudi. Mimi ndiye karani wa Kamati ya Ukavu. Nilipewa kazi hii kwa kuwa nina mwandiko safi na birika kubwa la kahawa.

Huku kwetu ganda halitupwi. Risasi ikishalia, ganda la shaba linabaki limevimba, basi mtu huliokota, akalisukuma kwa wenzo ndani ya kalibu ya chuma hadi lirudie umbo lake, ndipo alijaze upya. Baba zetu walilipaka mafuta kidogo kwanza, lisije likakwama. Walikuwa watu wa zamani, hawakuwa na kamati. Mwenyekiti wetu, Bwana Delmar Stroud, alisimama mkutanoni akatujulisha kwamba amejaza risasi gerejini kwake miaka thelathini na mmoja na hajawahi kupaka hata tone.

"Hata tone!" akarudia, akainua kidole tukione. "Ganda la mwanamume linapita kavu. Mafuta ni ya kukaangia donati."

Tukapiga makofi. Mtu aliyewahi kusimamia barabara za kaunti nzima hawezi kusema jambo la ovyo.

Kamati ikaingia kazini. Tulipita nyumba kwa nyumba na karatasi laini nyeupe, tukifuta ganda moja moja na kuitazama karatasi kwenye mwanga. Tulikuta mafuta ya nguruwe, losheni ya mikono, nta ya mshumaa wa Krismasi. Kwa Lyle Petkovich, kapera anayefuga nyuki, hatukukuta kopo lolote, na bado karatasi ilitoka na doa. Alipobanwa akakiri kwamba kila ganda hulisugua ubavuni mwa pua yake, kama alivyofanya marehemu baba yake. Tulikaa saa mbili na robo kujadili kama pua ni chombo.

"Yaani mnataka kunikagua pua?" Lyle akauliza.

"Hatukagui pua," Mwenyekiti akasema. "Tunakagua matumizi ya pua."

"Basi matumizi yake ni haya," akasema Lyle, akapenga kamasi kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Ikaamuliwa kwamba mwanachama ataosha pua kwa sabuni kabla ya kujaza risasi, na kujaza Fomu Namba Saba baada ya kuosha.

Ndipo tukafika kwa Orval Nygaard. Orval ni mgane wa miaka sabini na tisa, anaishi peke yake kando ya mfereji wa maji ya mashamba. Kopo la mafuta ya sufu ya kondoo lilikuwa dirishani, karibu na miwani yake. Wala hakulificha.

"Mzee, hii nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Imeandikwa juu. Kusoma si unajua?"

Bunduki ya Orval ilikuwa ya baba yake, na risasi zake haziuzwi dukani miaka arobaini sasa. Kila Septemba hujaza ishirini mwenyewe. Ikifika Oktoba huangusha elki mmoja, yule kulungu mwenye ukubwa wa ng'ombe, na nyama hiyo humfikisha hadi Juni. Njia ya kwenda kwenye mlima wanakoshuka elki ni moja, inapita kwenye lango la chama. Bila ufunguo hakuna elki, na bila elki Orval atakula maharage ya kopo hadi theluji iyeyuke. Niliieleza kamati jambo hili. Kamati ikalipokea na kuendelea.

Shauri lilisikilizwa Jumamosi, saa nne asubuhi, gerejini kwa Mwenyekiti, baada ya chapati za maji na shira. Tulikuwa wajumbe wanne, Lyle akiwemo. Orval alikuja na ufunguo wake mfukoni na kalibu yake mkononi, amechana nywele.

"Kamati haina roho mbaya," Mwenyekiti akaanza. "Una kalibu yako hapo. Pitisha ganda moja kavu mbele yetu, moja tu, ubaki na ufunguo."

"Litakwama."

"Halikwami."

"Delmar, aliyetengeneza kalibu hii amekufa, na mwanawe amekufa. Ikiharibika ndiyo basi. Mbona hupitishi la kwako?"

Mwenyekiti akacheka, akatugeukia tucheke. Tukacheka. Akafungua kabati lake, akakuta halina kitu, akapaza sauti: "Ardith! Maganda yangu yako wapi?"

Mkewe akatokea mlangoni, unga mikononi. "Yamo kwenye ndoo. Sijayaosha. Subiri Jumatatu."

"Vumbi halijaua mtu. Lete."

"Delmar, nakwambia subiri."

"Mke wangu, kamati imekaa."

Ardith akatutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu kuku. Akaleta ndoo, akaitua. "Haya. Mimi simo."

Mwenyekiti akachagua ganda, akalipachika kwenye kalibu yake mwenyewe, akashusha wenzo. Ganda likalia kama mlango wa ghala, likaingia. Akainua wenzo. Haukuinuka. Akatia bega, meza ndiyo ikainuka. Lyle akaikalia meza, mjumbe mwingine akamshika Mwenyekiti kiunoni, wakavuta kwa pamoja. Kitako cha ganda kikang'oka, ganda lenyewe likabaki ndani ya kalibu kama jino lililokatikia kwenye ufizi.

"Kuingia limeingia," Orval akasema.

"Ni hali ya hewa," Mwenyekiti akasema, jasho likimtiririka.

Nikaandika: hali ya hewa.

"Hali ya hewa gani?" Ardith akadakia. "Mwaka tuliooana ulikwamisha mawili, ukatukana mpaka mke wa mchungaji akafunga dirisha. Tangu siku ile nayaosha, nayakausha, nayabingirisha kwenye sinia la biskuti lenye mafuta ya sufu ya kondoo. Miaka thelathini! Ulidhani yanang'aa kwa furaha ya kukuona?"

"Si ulisema unayaosha?"

"Nayaosha. Ya baadaye hukuuliza."

Kanuni, kifungu cha nne, inasema yeyote ambaye nyumbani mwake yamepatikana maganda yenye mafuta atatoa ufunguo papo hapo. Nilikisoma kwa sauti, maana ndiyo kazi yangu. Mwenyekiti akasema tusiwe na haraka. Akapendekeza marekebisho: ganda lililopakwa mafuta na mke, mume asipojua, litahesabiwa kuwa kavu kisheria. Tukajadili dakika nne. Yakapita kwa kura tatu dhidi ya moja, ya Lyle, aliyesema kapera ameonewa. Na Orval, kwa kuwa mkewe yuko makaburini mwaka wa saba, akabaki na hatia. Mwenyekiti akanyoosha mkono kupokea ufunguo.

"Hebu nisomee tena hayo marekebisho," Ardith akaniambia.

Nikasoma.

"Yamesema 'na mke'. Hayakusema mke wa nani."

"Yamesema mume asipojua!" Mwenyekiti akafoka.

"Na mume ni wewe. Hujui kitu, na kamati nzima ni shahidi. Orval, niletee maganda yako kesho baada ya ibada. Njoo na kopo lako, langu linakaribia kwisha."

Nilipekua kanuni nzima nikitafuta kipingamizi. Sikukiona, nami ndiye niliyeiandika. Orval akarudisha ufunguo mfukoni.

Msimu ulipofunguliwa akapita langoni na risasi ishirini, kavu kisheria, zilizokuwa ziking'aa kama vijiko vya harusi. Siku ya tatu akaangusha elki jike mnene, na ini akampelekea Ardith. Mwenyekiti hakwenda mlimani. Kalibu yake ilikuwa na ganda tumboni, na risasi za bunduki yake zilikwisha madukani tangu Agosti. Mtu pekee mjini mwenye keekee ya kutoa ganda lililokwama ni Orval. Alisema ni kazi ya dakika kumi, ataiangalia msimu ukiisha.

Mwisho wa mwaka nilitakiwa kutaja mafanikio ya Kanuni katika taarifa. Nikaandika kwamba kamati ilikagua maganda elfu mbili mia nne na sita, na katika Tolman Fork yote haikuona kitu kikavu isipokuwa uso wa Mwenyekiti.

Aliisoma taratibu, akaniambia nimeandika vizuri, akatia sahihi.