Ombi la Nyumba Yangu Kuhesabiwa Kuwa Jengo la Bunge

Kwa Mheshimiwa Halvor Brekke,
Mwenyekiti, Kamati ya Kupitia Upya Sera ya Nishati,
Bunge la Jimbo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Poleni na kazi ya kupitia. Mlianza kuipitia sera hii mume wangu Arvid akiwa hai, akianika soksi juu ya mashine yake ya oksijeni kwa sababu ilitoa joto. Alifariki Januari, barafu ilipoangusha nyaya na umeme ukakatika kutwa nzima. Sasa ni Novemba na bado mnaipitia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Machi nilikuja kikaoni. Kila mwananchi hupewa dakika tatu, na taa ndogo mezani humwonyesha zinavyokwisha. Ilipowaka nyekundu, katika maelezo yangu Arvid alikuwa bado anapumua. Ukasema, "Asante sana mama, tumekusikia." Mjumbe wa kushoto kwako akamnong'oneza mwenzake, "Supu ya leo ni ya viazi?" Ilikuwa ya viazi. Niliionja kwenye mgahawa wenu. Haikuwa na chumvi.

2. Bunge letu hukutana miezi minne kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo mapendekezo yenu hayatasomwa baridi hii, yatasomwa ijayo. Wifi yangu Verna, dada wa Arvid, ninayeishi naye, sasa anatumia mashine kama ya kaka yake. Nilipomweleza ratiba yenu alisema, "Wifi, waulize nianze kubana pumzi lini." Naomba tarehe.

3. Karani wenu amenihakikishia kwamba Bungeni umeme haujawahi kukatika. Mna jenereta mbili: moja ya jengo, na ya pili ya kuisaidia ya kwanza.

4. Kwa hiyo naomba nyumba yangu ihesabiwe kuwa sehemu ya jengo la Bunge. Verna anafaa kabisa kuwa mjumbe: husinzia baada ya chakula cha mchana, na hukohoa wengine wakizungumza. Ikishindikana, kihamishieni kitanda chake ukumbini. Mashine yake inanguruma, lakini hukaa kimya ikiwa haina la kufanya, jambo ambalo wajumbe wangeweza kujifunza.

Nisalimie wajumbe wote, karani, na mpishi. Verna naye anawasalimu, kwa kifupi.

Wako mwenye kusubiri,
Ardis Tollefsrud

N.B. Naliondoa ombi langu. Nikiwa natafuta bahasha umeme umekatika, na jirani yetu Duane ametutokea mlangoni na jenereta. Kumbe aliinunua wiki tuliyomzika Arvid, akaona haya kusema. Verna anapumua. Kisha karani wenu akapiga simu: Bungeni nako ni giza, na jenereta zote mbili zimegoma kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuondoa dizeli ya kiangazi na kuweka ile isiyoganda kwa baridi, nayo imeganda. Ameuliza kama Duane anaweza kuja. Duane anasema barabara imefungwa na theluji, ila mmwagie chujio la mafuta maji ya moto, polepole, msiwe na haraka. Arvid ndiye aliyemfundisha.