Nuru Katika Chungu cha Neli

Jumatatu, 15 Desemba 1913
Leo nimekipa kijiji chetu cha Talatala heshima! Mdachi mpima ardhi, yule niliyembebea mizigo, aliniachia taa ndogo ya betri. Kasoro yake moja: huwaka au huzimika tu, haijui katikati. Nimeirekebisha. Nimekata waya mmoja, nikatumbukiza ncha zote mbili kwenye chungu cha mama chenye maji ya chumvi. Nikizisogeza karibu, taa inang'aa. Nikizitenganisha, inafifia polepole. Peke yangu! Mama akasema ndaga, yaani asante, sasa nimrudishie chungu chake apike maharage.

Jumanne, 16 Desemba
Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili atachagua mwalimu wa shule mpya ya Ngonga. Ni mimi au Sadoki. Kila mmoja atasoma Neno mbele ya kanisa. Sadoki ana sauti ya kuimba, basi. Mimi nimeomba Mwanzo, sura ya kwanza. Madirisha yatafungwa. Nitasema "Iwe nuru", na nuru itakuja taratibu kutoka mkononi mwangu! Nimeshaagiza chungu kwa Neli, mfinyanzi wa ufukweni.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimekifuata chungu. Hakijachomwa.
"Subiri Jumatatu, Asegelile mwanangu," Neli amesema. "Huu bado ni udongo mbichi."
Nimemweleza kwa upole kwamba sipiki kitu. Umeme hauhitaji jiko. Akacheka sana. Nimemsamehe, hajasoma, nikakichukua hivyo hivyo.

Jumapili, 21 Desemba
Nikasema, "Iwe nuru." Ikawa! Kanisa zima likashusha pumzi. Sadoki akameza mate, nilimwona. Nikafifisha, nikang'arisha, nikafifisha tena, ingawa Biblia haisemi hivyo. Ndipo chungu kikalegea. Kikakaa chini kama mzee aliyechoka. Tope la chumvi likateremka mezani hadi kwenye viatu vya mchungaji. Waya zikaachana. Giza. Katika giza hilo Sadoki, bila kuombwa, akaanza wimbo. Watu wote wakamfuata.
Amepewa Ngonga.
Mama anasema kilichoniangusha si taa, ni haraka yangu. Nimeyaandika maneno yake kwa sababu tu ni mama yangu.

Jumatatu, 22 Desemba
Nimelala, nimetafakari. Hakuna mtu Talatala anayezungumzia wimbo. Wote wanazungumzia taa! Kwa hiyo nimeshinda. Kosa lilikuwa udogo wa chungu. Nimerudi kwa Neli kuagiza kingine, mara tatu ya kile. Amesema siku nane, kukauka na kuchomwa.
Krismasi ni Alhamisi. Nimempa hadi Jumatano.