Paa Zima la Mama Mukwe

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Vita huko Mashariki, barabara ya kwetu Butembo imefungwa, na sasa mafuriko. Mitaa ya kando ya mto imelala chini. Dukani kwangu, mtaa wa Kenya mjini hapa, hakuna mteja. Mimi si mtu wa kukaa bure. Nimejiandikisha parokiani kujitolea. Tunatazama picha za setilaiti kwenye kompyuta, nyumba kwa nyumba. Unabonyeza kijani: imesimama. Nyekundu: imeanguka. Wenye nyekundu watapata turubai na matofali.

Mademoiselle Emmanuella, mwanafunzi anayetuongoza, anasema tutazame kivuli, maana nyumba iliyosimama ina kivuli. Kivuli! Nauza mabati miaka kumi na tisa, nilianza na kilo moja ya misumari. Paa nalijua hata kutoka mbinguni.

Atakayemaliza nyumba nyingi atavaa kofia nyekundu ya chef, yaani mkubwa wa kazi. Adalbert, karani mstaafu wa reli, amemaliza arobaini. Anakagua kila nyumba kama anayetafuta chawa. Mimi: 214 kwa saa mbili. Sekunde 33 kila moja, na chai ndani yake. Zote kijani. Adalbert ndiye wa kuthibitisha. Akaanza kuuliza-uliza. Nikamwambia mbele ya watu kwamba muuza mabati hakosei paa. Akathibitisha zote.

Jumanne, tarehe 4

Mama mukwe amefika! Mama Madeleine, godoro, sufuria tano, kuku mmoja. Kuta zake za tofali mbichi zimeyeyuka kama sukari. Paa limeshuka taratibu, limelala chini, zima kabisa. Lazima liwe zima: nililitoa mimi wakati wa mahari, bati nene.

Kwa Babemba, kabila la mke wangu, mukwe haketi na mama mukwe, hali mbele yake, hamtazami usoni, hasemi naye moja kwa moja. Salon yangu, sebule ya wageni, ni moja. Yeye kaingia, mimi nimetoka. Yuko kwenye fotei yangu, kiti changu cha mito. Nimekula bukari, ugali wetu, uani, juu ya gunia la makaa.

Nikamuuliza mke wangu Jemima, mpaka lini? Mpaka mama apate matofali. Na matofali yatatoka lini? Jina likiwa kwenye orodha nyekundu. Nikacheka. Orodha ni kazi yangu!

Nimekwenda kutazama. Nyumba yake ni kijani. Kwa kidole changu.

Jumatano, tarehe 5

Nyumba iliyothibitishwa inafunguliwa na aliyeithibitisha tu. Adalbert! Nimempelekea chupa mbili za bia baridi. Amekunywa zote mbili. Kisha amesema: "Tajiri, kumbe muuza mabati anakosa?" Nimeomba anifungulie moja tu. Amekataa. Moja peke yake ni undugu, anasema. Nilete habari za zote 214, na atafungua zote.

Mtu wa reli. Kila behewa lazima lihesabiwe.

Alhamisi, tarehe 6

Ni nani anajua mtaa ule nyumba kwa nyumba? Aliyeuza maandazi pale miaka thelathini. Mama mukwe.

Nimekaa uani chini ya dirisha na kompyuta, yeye ndani. Jemima alibeba maneno hadi nyumba ya kumi na sita, akachoka, akaenda sokoni. Tukabaki wawili na kuku mlangoni. Nikamwambia kuku: kuku, uliza mama, hii yenye mabati ya kutu ni ya nani? Kisha sauti ya ndani: "Kuku, ambia bwana yako, ile ni kwa Musonda. Ukuta ya nyuma iko chini. Batoto balilala mu kanisa. Yeye anaona mabati tu, bantu habaone."

Nikabonyeza nyekundu. Tumefanya 198. Jioni nilikuwa na 131 nyekundu kati ya 214. Kwa Musonda wako tisa.

Ijumaa, tarehe 7

Adalbert amefungua, amesoma, amethibitisha. Saa nne nzima, na bila bia. Emmanuella ametoa kofia nyekundu: kwa Mama Madeleine! Ati yeye ndiye aliyefanya kazi. Nani aliyebonyeza? Nimeibeba mwenyewe nyumbani, nikampa kuku.

Jumamosi, tarehe 15

Matofali yamefika. Musonda pia amepata. Mama mukwe ameondoka na kofia kichwani, ameniachia kuku. Fotei ni yangu. Nimekula bukari na samaki ndani ya salon, miguu juu ya meza. Dunia ni nzuri.

Jumatatu, tarehe 17

Picha mpya: ng'ambo ya mto. Kofia nyingine! Emmanuella amerudia hadithi ya vivuli. Nimefanya 260 kwa saa mbili. Sekunde 27. Rekodi yangu mwenyewe! Zote kijani. Adalbert alitaka kuuliza, nikamkumbusha mbele ya watu ni nani anayejua mabati. Amethibitisha zote, huku akitabasamu. Sijui anatabasamia nini.

Jioni Jemima amepiga simu kwao. Mama Chola, dada mkubwa wa mama mukwe, anakaa ng'ambo ya mto. Kuta zimeyeyuka. Paa zima: alinunua kwangu. Kesho anakuja, na mama mukwe anamsindikiza, maana peke yake ataona haya.

Huyu Adalbert! Angeniuliza vizuri ningetazama kivuli.

Nimerudisha gunia la makaa uani. Kuku amekwisha kukaa pale. Lakini 260! Adalbert ana 51.