Pumzi Moja ya Mzee Elkanah

Jumatatu, 9 Juni

Mimi Orina, mtaalamu wa tiba ya upumuaji hapa Migori, leo nimeweka dau. Mzee Elkanah, mchimba dhahabu wa Masara, kifua kimejaa vumbi lakini hataki mazoezi. Nilimpa kile kifaa unachovutia pumzi mpaka mipira iliyo ndani ipande. Akasema yeye si mtoto wa kupewa vidude vya kuchezea. Daktari amesema haendi nyumbani akiwa bado anapumua kwa oksijeni, na Jumapili wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari ya binti yake Lynnet. Mzee alilia. Roho iliniuma. Uji wake hakuugusa. Nikaumaliza mimi, chakula kisiharibike.

Phelesia wa mazoezi ya viungo akasema mzee hatoki. Nikamwambia Ijumaa atatoka, na asipotoka, kiti changu kinachozunguka ni chake. Kiti pekee kinachozunguka katika wadi nzima!

Jumanne, 10 Juni

Akili ni nywele. Mzee ni Mluo, na Waluo wana pakruok, yale majigambo ya mtu kujisifu mbele ya watu. Mimi Mkisii sijui Kiluo, ila najua hakuna anayekubali kushindwa. Nikamnong'oneza mzee kwamba wadi ya pili kuna mvuvi wa Takawiri, Gordon, anayejisifu kwa pumzi moja mpaka chai inapoa, na amesema wachimba dhahabu wana vifua vya kuku. Hakuna Gordon. Mzee akajaribu hapo hapo. Maneno mawili, kisha kikohozi. Phelesia alikitazama kiti changu kwa upendo.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee sasa ananguruma. Hata mipira anaipandisha, eti kupasha mwili moto. Tatizo: anataka Gordon aletwe uso kwa uso. Nikasema Gordon alimsikia kupitia ukutani, akaomba kwenda nyumbani kwa aibu. Mzee akaitisha uji. Hakunibakishia.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi! Mrija wa oksijeni umetolewa na mzee anapumua vizuri. Mbele ya daktari alitoa pakruok ndefu kwa pumzi moja, akininyooshea kidole. Wadi ilicheka mpaka machozi. Niliinama kwa heshima. Phelesia anadai mzee alisema eti mimi humaliza uji wa wagonjwa. Wivu tu. Mzee ameruhusiwa kutoka, nami nimealikwa kwenye mahari.

Jumapili, 15 Juni

Masara. Mzee aliwapokea wakwe akiwa amesimama wima, bila kukohoa. Lynnet alilia kwa furaha, nami nikalia.

Kisha zamu yangu. Phelesia, ambaye moyo wake umebadilika kabisa, jana, Sabato, baada ya kanisa alinifundisha majigambo yangu ya Kiluo, neno kwa neno. Malipo yake kile kiti. Bei ndogo. Nikasimama, nikayatoa kwa pumzi moja. Watu walivunjika mbavu, wakadai nirudie. Nikarudia! Bibi mmoja akaniuliza kwa Kiswahili kama ni kweli huwa naficha kijiko ndani ya soksi. Maskini, Kiswahili kinamshinda. Nikamwambia ndiyo.

Phelesia anasema kuna arusi Mbita mwezi ujao. Amekubali kunifundisha maneno marefu zaidi, akipata na meza yangu.