Wavu wa Gramu Mia Moja na Arobaini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Saa tatu na dakika kumi nimeitwa ofisini kwa Mzee Husseinali, mwenye duka letu la mabomba. Nikajua nimefukuzwa. Kutoka mezani kwangu hadi mlangoni kwake ni hatua kumi na mbili, na nilipofika nilikuwa nimeshatunga kichwani barua ya kuomba radhi. Kosa lenyewe silijui.

Kumbe anataka wavu! Mteja wetu wa Mbeya amemwalika sikukuu ya Nane Nane akavue trauti, samaki wa mito ya baridi. Hawatumii chambo. Wanatumia nzi wa bandia, wa manyoya. Samaki akishauma, unamwopoa kwa wavu mdogo wenye mpini. Mzee ana miaka sabini na moja na bega la kulia ni bovu, kwa hiyo wavu lazima uwe mwepesi. Nimchagulie mimi, kasema, maana watu wa Bukoba tumezaliwa na samaki.

Mie! Kwetu ni mlimani, migombani. Samaki alitufikia akiwa mkavu, juu ya kichwa cha mama muuzaji. Aliye hai sijawahi kumgusa. Lakini barua yangu ya kuthibitishwa kazini imo kwenye droo yake, haina saini, na miezi yangu sita ya majaribio inaisha Alhamisi. Nikausikia mdomo wangu ukisema: Mzee, nyavu ziko kwenye damu.

Benson wa stoo alikuwa karibu. Akakohoa. Hakuwa na mafua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Kinondoni kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji, Jamali, alinihoji kama polisi. Raba au uzi? Matundu makubwa au madogo? Mpini mrefu au mfupi? Nilimwambia nataka mwepesi, basi. Akasema braza, wavu haupimwi mkavu, uloweshe kwanza ndiyo uupime. Ujanja wa wauzaji huo! Alichotaka ni kuniuzia wa raba, gramu mia nne na ishirini. Eti raba haimchubui samaki, na samaki asichubuke kwa sababu anarudishwa.

Nikauliza anarudishwa wapi. Mtoni, kasema.

Yaani mtu mzima anasafiri siku nzima, anasimama kwenye maji ya baridi, anamshika samaki, halafu anamwachia aende zake! Nilipomsimulia dada Kokuberwa, ambaye naishi kwake Mbagala, aliacha kumenya ndizi. Akauliza kama Mzee anaumwa. Kisha akasema atamweka kwenye maombi ya jumuiya.

Na bado sijaandika lililoniudhi zaidi. Kugeuka tu, Benson huyo hapo! Ameushika ule ule wa raba, anaubonyeza-bonyeza kama mama anayechagua parachichi. Eti kajituma mwenyewe, Mzee asije akakosa. Nani kamwomba? Na akaununua!

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata Benson. Nimempata kabisa!

Jirani yetu Apolinari ana raketi ya mchezo wa mpira wa vinyoya, alumini tupu, nyuzi zimekatika. Ameniachia. Nikaipeleka kwa Munira, fundi wa vyandarua hapa Mbagala, aizungushie mfuko wa chandarua. Akaniuliza mtoto kazaliwa lini. Nikamwambia hakuna mtoto, ni cha samaki. Akanitazama, akatazama raketi, akauliza tangu lini samaki wanaugua malaria. Mafundi wenzake wawili walicheka mpaka mmoja akashona kidole. Nilisimama pale nikiwa na shahada yangu, nikavumilia.

Lakini matokeo! Nimeupima kwenye mizani ya dukani. Gramu mia moja na arobaini. Nimeupima mara nne. Wa Benson ni mara tatu yake. Ukiushika huu ni kama hujashika kitu.

Jambo moja dogo. Duka letu, kule mtaa wa Mtoni, lina sheria yake: hakuna koki inayouzwa kabla ya kuzamishwa kwenye pipa la uani. Isipovuja, karani anaandika "imejaribiwa" kwenye daftari. Karani ni mimi. Kuuzamisha wavu mweupe kwenye pipa lenye kutu ni kuuchafua bure. Nimeandika: "Wavu mmoja, gramu 140, umejaribiwa." Mwandiko mzuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee aliupokea wavu wangu, akauinua juu, akatabasamu. Akasema bega halijausikia kabisa. Nikaitazama droo. Droo ikanitazama.

Hapo Benson akasema, kwa sauti ya asali, kwamba Mzee ndiye aliyetufundisha kujaribu kila kitu majini. Na kwa bahati tu, kasema, ana kambale hai kwenye ndoo. Bahati! Nani anakwenda kazini na kambale?

Tukatoka wote uani, kambale akamwagwa kwenye pipa. Mzee akashusha wavu wangu. Chandarua hakikupitisha maji. Kilivimba kama puto. Wavu wa gramu mia moja na arobaini ukawa ndoo iliyojaa, na Mzee anaivuta kwa bega lile lile bovu. Akaita "Ya Ali!" Shingo ya raketi ikapinda. Kambale akaruka, akatua chini na kuja moja kwa moja kwenye miguu yangu. Ana ndevu. Hakuna aliyeniambia wana ndevu!

Nilipopata fahamu nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nimekumbatia daftari.

Mama Gulbahar, mke wa Mzee, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chakula cha mchana. Akaweka kapu chini, akauchukua ule wavu wa raba wa Benson, akamzoa kambale kama anazoa chapati. Akaniuliza kwa upole: baba, huko kwenu Bukoba mnavulia juu ya viti?

Benson ilibidi akae chini kwa kucheka.

Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa daftari. Akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena. Akasema wavu mbaya si dhambi, hata yeye ameshanunua vitu vibaya maisha yake yote. Lakini wateja wananunua koki kwake kwa sababu ya neno hili moja, na leo hajui ni mara ngapi limeandikwa hivi hivi. Nilitaka kusema ni mara hii tu. Mama Gulbahar akanitetea, eti mtoto aliogopa tu. Basi barua haikuchanwa. Imerudi kwenye droo. Miezi mitatu mingine.

Nyumbani kwa Mzee, kwa dini yao, hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale nimepewa mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mzee kaondoka, na aliyembebea wavu ni Benson! Dada kapika kambale. Nimemla shahidi wangu mwenyewe. Alikuwa mtamu, jambo lililozidi kunikera.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamerudi. Samaki: sifuri. Wavu wa raba haukulowa hata tone. Kitu pekee kilichonaswa na nzi wa Mzee ni sikio la Benson. Ana plasta. Nimempa pole kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mzee anasema kasoro ni nzi. Wazito mno, wanaanguka majini kama nati, trauti wanakimbia. Anataka sita wepesi, wa manyoya ya jogoo. Akaangalia huku na huku dukani, akauliza nani anawajua kuku vizuri.

Benson alikuwa anafungua mdomo. Nikawahi. Nilisema Mzee, kwetu migombani tumelelewa pamoja na kuku. Jogoo, nilimwambia, ni kama ndugu.

Jogoo wa Apolinari ana mkia mzuri, ingawa wanasema anadonoa. Nitakwenda kesho. Daftari nimeshalijaza leo, asubuhi nisikimbizane na muda: "Nzi sita, wamejaribiwa."